Mkono Unaoshikwa Stendi

Hoja mmeisikia. Mmeisikia kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Same mjini, mmeisikia Hedaru na Ndungu, na vijana wanaorudi kutoka Moshi na Arusha wakiwa wamejifunza ngumi huishusha pamoja na mizigo yao. Wanasema hivi: mwalimu wa karate, judo au aikido anayewafundisha watoto kujinasua wanaposhikwa kifundo cha mkono anawapotezea muda, kwa kuwa katika ugomvi wa kweli hakuna anayemshika mwenzake kifundo. Ni mambo ya ukumbini na ya sinema.

Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi wao wamevaa glovu, wamepigwa wakaona nyota mchana, na wanajua tofauti ya mazoezi na kipigo. Kwa hiyo nitayachukua madai yao moja moja, kama wanavyoyasema wenyewe, nanyi mtapima kama mahakimu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: wamehesabu ugomvi wa aina moja, wanaume wawili waliosimama kutaka kupigana, kisha wakatoa hukumu juu ya aina zote.

Dai lao kubwa ni la macho. Fungua simu, wanasema, tazama video za watu wanaopigana, Dar es Salaam, Nairobi, popote. Utaona ngumi za kupunga, utaona kukwidana, utaona mtu amepigwa roba, utaona mateke kwa aliyeanguka. Kifundo cha mkono hutaona kikishikwa. Ni dai lenye uzito, maana wanatuonyesha kitu ambacho kila mtu anaweza kukitazama.

Sasa ulizeni: simu hutolewa mfukoni lini? Hutolewa sauti zikishapanda na watu wakishajaa. Video inaanzia katikati. Dakika iliyotangulia, ile ambayo mtu mmoja alimshika mwenzake mkono akamwambia "njoo hapa nikuulize", haimo. Na mambo ambayo hayafikii ngumi kabisa hayarekodiwi na yeyote.

Nitawaeleza nililoliona mimi. Asubuhi moja nilikuwa stendi ya Same nikisubiri basi la Dar es Salaam. Gari lililotoka milimani, upande wa Mamba, likashusha abiria. Mama mmoja alishuka na kiroba cha tangawizi kichwani, mkono wa kulia umekishikilia, wa kushoto una mkoba mdogo. Kabla hajasimama vizuri, mpiga debe alikuwa ameshamdaka mkono wa kushoto, vidole vinne juu ya kifundo na kidole gumba chini, na tayari anatembea naye. Mama alisema, "Niache mwanangu, niache, siendi huko." Alisema mara tatu. Mwili wake ulilazimika kuufuata mkono, kwa sababu angebaki nyuma kiroba kingeanguka. Hatua kama ishirini baadaye alikuwa mlangoni mwa basi ambalo hakulichagua, na kifundo chake kina michirizi myekundu. Hakuna aliyerusha ngumi. Hakuna aliyetoa simu.

Najua jibu lao hapa, nimelisikia: huo si ugomvi, ni usumbufu wa stendi. Lipimeni jibu hilo. Maana yake ni kwamba ugomvi wa kweli ni ule tu ambao pande zote mbili zinapiga. Ukikubali maana hiyo, bila shaka hutakuta kifundo kinashikwa, kwa sababu umeshawatoa nje ya hesabu wote wanaoshikwa. Sheria yetu haihesabu hivyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 240, inaadhibu shambulio la kawaida, na shambulio halingoji damu. Mtu akikushika kwa nguvu na kukukokota kwenda usikotaka kwenda, ameshakushambulia, hata kama hajakunja ngumi.

Na mlango ukifungwa, kamera hakuna kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nani aliyapiga picha hayo? Anayetumia video za barabarani kutuambia mikono haishikwi, kundi lote hilo hajaliona, na hajasema kwamba hajaliona.

Dai la pili linatoka kwenye lugha, na nakiri kwamba nililipenda niliposikia. Kiswahili chenyewe, wanasema, ni shahidi. Watu wakigombana tunasema wameshikana mashati. Tunasema amemkwida, amemkaba koo, amempiga kabali. Hakuna anayesema "wameshikana vifundo". Lugha imekaa na wagomvi miaka mingi. Kama vifundo vingekuwa vinashikwa, ingekwisha kupata neno.

Kuhusu shati wana haki. Ukosi hushikwa sana, na mwalimu anayefundisha kifundo tu bila kufundisha ukosi na koo amewanyima wanafunzi nusu ya somo. Lakini shahidi wao wamemhoji nusunusu. Katika Kiswahili mkono unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Hatuna haja ya kutaja kifundo, kwa sababu "mkono" umeshakimeza. Sikilizeni sentensi zinazosemwa mbele ya dawati la jinsia na watoto, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya wazee wa ukoo: alinishika mkono akanivuta ndani. Alimshika mkono akamtoa gulioni mbele za watu. Mgambo akanishika mkono, mzigo ukamwagika. Mwambie anayesema akuonyeshe aliposhikwa. Atajishika mwenyewe pale panapovaliwa saa au bangili. Huyo ndiye shahidi wa lugha akihojiwa mpaka mwisho, na anasema kinyume cha walichotarajia.

Hospitali nazo hazitawasaidia. Kwenye fomu ya polisi ya PF3 huandikwa jeraha: mkato, mfupa uliovunjika, jicho lililovimba. Kushikwa mkono huacha alama za vidole ambazo mara nyingi zimefutika kabla aliyeshikwa hajapata nauli ya kushuka kutoka Chome au Suji kuja mjini. Kinachoandikwa ni kile kilichofuata baada ya kushikwa. Usipokuta kifundo kwenye kumbukumbu za majeraha, umejifunza kwamba kifundo hakijeruhiwi sana. Hujajifunza kwamba hakishikwi.

Dai la tatu: ulingoni, mahali pekee ambapo mbinu hupimwa kweli, mishiko ya kifundo haionekani. Ulingo upi? Wanaosema hivi wengi ni watu wa ngumi, na kanuni za ngumi zinakataza kushika. Mkono umefungwa ndani ya glovu, na mwamuzi yupo kuwaachanisha wanaokumbatiana. Kutafuta mshiko kwenye ngumi ni sawa na kutafuta mpira wa mkono kwenye soka. Tazameni michezo inayoruhusu kushika. Wanamieleka hugombea vifundo tangu filimbi ya kwanza, kwa kuwa mwenye mkono wa mwenzake ndiye anayeamua mwendo unaofuata. Katika mapigano mchanganyiko, mchezo ambao mashindano yake ya kwanza ya UFC yalifanyika Denver mwaka 1993, Khabib Nurmagomedov wa Dagestan alistaafu mwaka 2020 akiwa na ushindi mara 29 bila kushindwa, na silaha yake mojawapo iliyojulikana ilikuwa kumlaza mtu chini, kumfunga kifundo kwa mkono mmoja, na kumpiga kwa mkono wa pili.

Hapo wanajibu: hiyo ni tofauti, yeye anashika ili apige. Sawasawa. Hicho ndicho ninachosema tangu mwanzo. Mshiko haumalizi kitu. Unafungua njia ya kitu. Anayeshika anataka kupiga, au kuvuta, au kuingiza ndani ya gari, au kunyang'anya. Aliyekubali hilo kwa Nurmagomedov hawezi tena kulikataa kwa mpiga debe.

Wengine hurudi nyuma kwenye historia, na hapa wamesoma vizuri. Mishiko hii, wanasema, ni masalia ya Japani ya kale. Samurai alikuwa na upanga kiunoni. Adui alimshika kifundo asiuchomoe. Basi samurai akajifunza kujinasua. Aikido ya Morihei Ueshiba ilichota humo kupitia shule ya mapigano ya Daito-ryu. Upanga umekwisha, na somo lilipaswa kwisha nao.

Asili hiyo ni kweli. Lakini serikali ya Japani ilipiga marufuku kubeba panga hadharani mwaka 1876. Miaka 80 baadaye, mwaka 1956, Kodokan, nyumba ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, ilitunga mfululizo wake wa kujihami kwa ajili ya mtu wa kisasa. Una mashambulizi 21, na miongoni mwake mna kisu, fimbo na bastola. Shambulio la kwanza kabisa kwenye orodha ni kushikwa vifundo vyote viwili. Watu waliokuwa wanafikiria bastola hawakuwa wamesahau kwamba samurai amekufa. Waliliweka lile la kushikwa mikono mwanzoni, kabla ya ngumi na kabla ya teke.

Na kusema "upanga umekwisha" mkiwa Same ni kusema bila kuangalia pembeni. Wamasai wanaoteremka kwenye magulio ya tambarare huja na sime kiunoni na rungu mkononi. Mkulima anayerudi kutoka shambani ana panga. Mlinzi ana kirungu. Ugomvi ukizuka kati ya watu wa namna hii, mkono wenye chuma ndio wa kwanza kushikwa, na mara nyingi anayeushika ni jirani anayeamua ugomvi. Muulizeni yeyote aliyewahi kuamua ugomvi wa panga alianza kushika wapi. Wanachoongeza, kwamba huwezi kudaka kifundo cha mtu anayekushushia panga kwa kasi, ni kweli tupu, na mwalimu anayefundisha kudaka hewani aache leo. Lakini kudaka panga linaloshuka ni jambo moja, na kujinasua uliposhikwa ni jambo lingine. Wanalipinga la kwanza, halafu wanadai wamelishinda la pili.

Lipo dai linalopendwa zaidi na vijana: akikushika kifundo amejifunga mkono wake mwenyewe, mpige ngumi kwa mkono wako ulio huru, kesi imekwisha. Lina mantiki. Mshikaji kweli ana mkono mmoja wenye kazi.

Lakini mkono ulio huru wa yule mama ulikuwa umeshika kiroba. Na mfikirieni binti wa miaka 13 aliyeshikwa mkono na mtu anayemwita mjomba, au muuza nyanya aliyeshikwa na mgambo, au mke aliyeshikwa na mumewe mbele ya mama mkwe. Mnamwambia apige ngumi nani? Ngumi ya binti haitamwangusha mtu mzima; itampa sababu ya kukaza mshiko, na itawapa watu wazima wengine sababu ya kumlaumu binti kuliko mjomba. Muuza nyanya akipiga, ndiye atakayelala mahabusu. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18A na 18B, inampa kila mtu haki ya kujihami, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Kuuchomoa mkono wako na kurudi hatua mbili ni nguvu ya kiasi ambayo hakuna hakimu atakayeihoji. Na hata anayestahili kupigwa, kumpiga ukiwa umeshikwa ni kumpiga ukiwa umbali anaoutaka yeye.

"Basi akimbie," husema mwingine, "somo la kujihami ni moja tu, mbio." Nakubali kwamba mbio ni dawa bora. Lakini hakuna anayekimbia akiwa ameshikwa mkono. Jaribuni.

Tukija kwenye nguvu, dai ni hili: binti wa kilo 40 hawezi kuushinda mshiko wa mwanaume wa kilo 80, na anayemfundisha kwamba anaweza anampa matumaini ya uongo yatakayomponza. Dai hili linatoka kwa watu wanaowajali mabinti, kwa hiyo naomba tulishughulikie kwa vitendo. Mwambie mtu mwenye nguvu kuliko wewe akushike kifundo akaze. Tazama mkono wake. Upande mmoja kuna vidole vinne na kiganja. Upande wa pili kuna kidole gumba peke yake, na kati ya ncha yake na ncha za vidole kuna mwanya. Ukivuta mkono kwa bega kurudi nyuma, unapambana na vile vinne na utashindwa. Sasa geuza kifundo mpaka upande wake mwembamba uelekee kwenye mwanya, piga hatua kumwelekea yeye badala ya kumkimbia, sogeza kiwiko chako karibu na chake, kisha kunja mkono kama unayetaka kujigusa sikio. Uzito wa mwili wako wote unaangukia kidole kimoja. Nimeona watoto wa darasa la sita wakichomoka hivyo mikononi mwa baba zao, na baba wakarudia wakidhani hawakukaza.

Je, inafanya kazi kila mara? Hapana. Akikushika kwa mikono miwili, au akiwa ameshakuvuta ukapoteza miguu, hali inakuwa ngumu, na mwalimu mkweli husema hivyo. Ndiyo maana hatua, kelele na mkono wa pili hufundishwa pamoja na kifundo.

Hapa naomba mahakimu msimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yao inapojipinga yenyewe. Wameanza kwa kusema hakuna anayeshika kifundo. Sasa wanasema anayeshika ana nguvu mno huwezi kumtoka. Dai la kwanza linasema ugonjwa haupo. La pili linasema ugonjwa hauna dawa. Anayeamini la kwanza hana njia ya kulijua la pili. Nimemsikia kijana akisema kwa sauti kubwa: "Hizo mbinu nilijaribu mtaani, hazikufanya kazi, jamaa alinikazia." Alikaziwa wapi, kama si kifundo? Kwa sentensi moja ametoa ushahidi kwamba alishikwa, na anatutaka tuutumie kuthibitisha kwamba watu hawashikwi.

Limebaki dai lao lenye nguvu kuliko yote, na wangeanza nalo wangekuwa wamenipa kazi ngumu zaidi. Wanasema mazoezi yenyewe ni ya uongo. Mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono kama anayesubiri kuvishwa pete. Mwenzake anaushika na kusimama kama nguzo ya umeme, havuti, hasukumi, hatukani, mkono wake wa pili unaning'inia. Kisha anaanguka kwa hiari. Miaka miwili ya hayo, mtoto anapata mkanda na anaamini yuko salama.

Ni kweli, na ni kosa kubwa. Karate ya mtindo wa Goju-ryu imefundishwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na kutoka huko karate imeenea mikoani kwa walimu wazuri na wabaya. Wabaya wapo. Wanafundisha mshiko uliokufa, kisha wanauita kujihami. Lakini angalieni hitimisho linalotolewa: kwa kuwa linafundishwa vibaya, jambo lenyewe halipo. Wapo pia walimu wanaofundisha ngumi kwa kupiga hewa tu, mwaka mzima bila mtu wa kukurudishia. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba katika ugomvi wa kweli watu hawapigani ngumi.

Kwamba mafunzo yakifanywa sawasawa yanabadilisha maisha, hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha. Nairobi, katika makazi duni, wasichana wa umri wa sekondari walifundishwa kujihami kwa saa 12 zilizogawanywa katika wiki 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walikuwa wameshambuliwa kingono katika mwaka uliopita. Miezi 10 baadaye ilikuwa asilimia 9.2. Wasichana wa kundi la kulinganisha, waliopewa somo la kawaida la stadi za maisha, walitoka asilimia 24.2 hadi 23.1, yaani karibu palepale. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wametumia walichojifunza kuzuia shambulio. Sidai kwamba kifundo ndicho kilichowaokoa; mafunzo yale yalianza na sauti, kusema hapana na kupiga kelele, kisha ndipo mwili. Nadai tu kwamba aliyeamua kuwa mabinti hawafundishiki amejibiwa, na amejibiwa na jirani.

Walimu wa Same, Mwanga na kote milimani, ombi langu kwenu ni la zoezi moja. Mshikeni mwanafunzi mkono, kisha msisimame. Mvuteni hatua ishirini kuelekea mlangoni. Mpeni mzigo mkono wa pili. Semeni maneno anayosema mtu wa aina hiyo. Fanyeni hivyo mpaka aweze kuchomoka akiwa anapiga kelele, na mzigo umwagike kama ni lazima umwagike.

Nanyi mnaopima, msitoe hukumu kwa maneno yangu wala kwa video zao. Nendeni stendi ya Same mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanapoingia, msimame saa moja. Hesabuni ngumi zitakazorushwa. Kisha hesabuni mikono itakayoshikwa.